Chama Kimoja au Matawi Mengi? Habari za Ngoma ya Beni

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, Handeni na Korogwe

(Ngoma inasikika, kisha inapungua.)

Sogeeni karibu na redio. Anayejua kusoma upesi na amsaidie jirani yake kufuata maandishi haya.

Katika masomo mengi ya historia tunasoma habari za machifu, za vita na za serikali. Leo tutasoma habari za watu waliopenda kucheza ngoma. Msidhani kwamba jambo hili ni dogo. Watu wakipenda ngoma hukusanyika. Wakikusanyika huunda chama. Wakiunda chama huchagua viongozi na kuchanga fedha. Hapo ndipo maswali magumu yanapoanza.

Swali letu la leo ni hili: Chama cha ngoma kikikua mpaka kuenea nchi kubwa, je, kibaki kimoja chini ya viongozi wale wale? Au kigawanywe, kila mahali pawe na chama chake?

HALI YA KWETU

Kwanza tutazame hali ya kwetu. Mji wa Korogwe uko kando ya mto Pangani, na reli ya kutoka Tanga inapita hapo. Handeni iko upande wa kusini, katika nchi ya Uzigua, na mvua yake si ya kutegemea sana. Kutoka Korogwe mpaka Handeni ni mwendo wa kilometa 65 hivi.

Sasa tuseme kwamba kipo chama kimoja cha ngoma, na wanachama wake wako Korogwe na Handeni. Mkutano unaitwa Korogwe. Mwanachama wa Handeni yampasa kuacha shamba, kutafuta nauli na kulala nje ya nyumba yake. Akifika, anakuta viongozi wote ni watu wa Korogwe. Ada yake inawekwa katika sanduku la Korogwe. Ngoma mpya ikinunuliwa, inatundikwa Korogwe. Mwisho anasema: “Ndugu zangu, afadhali tugawane. Sisi tuwe na chama chetu.”

Mwenzake wa Korogwe anajibu: “Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Tukigawana, nyinyi mtapata nini na sisi tutapata nini?”

Basi nani ana haki? Kabla ya kujibu, tuwatazame watu wa zamani waliokutana na jambo hili hili. Watu hao ni wachezaji wa ngoma iliyoitwa beni.

BENI ILIANZAJE?

Neno beni limetoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga tarumbeta na ngoma, kama lile la askari. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, kama Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890 na kuendelea. Vijana wa pwani waliwaona askari na mabaharia wa Kizungu wakipiga muziki na kupanga mistari. Wakachukua mwendo ule, wakautia katika ngoma yao.

Lakini msidhani walikuwa wakiiga tu. Katika miji ya pwani ilikuwa desturi tangu zamani kwamba mitaa miwili hushindana kwa nyimbo, kwa mavazi na kwa karamu. Lamu, kwa mfano, ina Mkomani na Langoni. Beni ilikuja ikaingia katika mashindano hayo ya zamani. Tarumbeta zilikuwa ngeni, lakini mashindano yalikuwa ya wenyeji.

Wachezaji wa beni walivaa sare. Walitembea kwa mistari kama askari. Waligawiana vyeo. Palikuwa na Kingi, palikuwa na Gavana, palikuwa na Jenerali, Kapteni, Hakimu na Daktari. Wakati wa Wajerumani palikuwa hata na Kaiser. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mtu aliyefanya kazi ya kubeba mizigo siku sita aliweza siku ya saba kuwa Jenerali, na watu wakampigia saluti. Hebu fikirini furaha ya mtu huyo.

BENI ILIPITA NJIA GANI?

Katika nchi ya Tanganyika, beni ilienea kwa majina mawili makubwa. Kundi moja liliitwa Marini. Kundi la pili liliitwa Arinoti. Mtu akiwa wa Marini katika mji mmoja, alijua kwamba katika mji mwingine ataikuta Marini nyingine. Vivyo hivyo mtu wa Arinoti.

Majina haya yaliendaje mbali hivyo, wakati redio na simu hazikuwa mikononi mwa watu? Yalichukuliwa na watu waliosafiri. Njia zilikuwa tatu, na zote tatu zimepita katika nchi yetu hii.

Njia ya kwanza ni reli. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka wa 1893. Ilifika Korogwe mwaka wa 1902, na Mombo mwaka wa 1905. Penye reli pana makarani, mafundi, wapagazi na wafanya biashara. Watu hao hutoka mji huu wakahamia mji ule, na hubeba ngoma zao pamoja na mizigo yao.

Njia ya pili ni mkonge. Mkonge uliletwa mwaka wa 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ikafika 62 tu iliyokuwa hai. Kutoka miche ile michache yakatokea mashamba makubwa ya mkoa wa Tanga, na mengine yakawa pande za Korogwe. Wenyeji peke yao hawakutosha kwa kazi. Wakaja watu wa mbali, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamakonde, Waha na wengineo. Katika kambi ya mkonge mtu alilala mlango kwa mlango na mtu asiyejua lugha ya mama yake. Kiswahili kiliwaunganisha mchana kazini, na ngoma iliwaunganisha jioni.

Njia ya tatu ni vita. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka wa 1914. Mwezi wa Juni 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliteka Korogwe, kisha likateka Handeni, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Pande zote mbili zilikuwa na askari Waafrika na wapagazi wengi mno. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Katika kambi za askari na wapagazi beni ilichezwa sana. Vita vilipokwisha mwaka wa 1918, waliopona walirudi makwao na ngoma hiyo. Ikafika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia.

Basi mnaona. Katika muda wa miaka kama 30, ngoma ya vijana wa pwani ilikuwa imeenea katika nchi nyingi. Kwa chama cha watu wanaocheza kwa kujifurahisha, huo ni ukubwa wa ajabu.

MATAWI YALIVYOFANYA KAZI

Sasa tufike kwenye swali letu. Chama kikubwa hivyo kiliongozwaje?

Kila mji ulikuwa na viongozi wake, fedha zake na ngoma zake. Jenerali wa mji mmoja hakuweza kuchukua sanduku la mji mwingine. Wachezaji walikutana karibu na nyumbani, jioni, baada ya kazi. Walijuana kwa sura. Kiongozi akila fedha, walijua nyumba yake.

Lakini matawi hayo hayakuwa yatima. Yaliunganishwa na mambo manne. La kwanza ni jina. La pili ni sare na vyeo, maana kila mahali mtu aliweza kutambua nani ni nani. La tatu ni barua. Makarani na wengine waliojua kusoma na kuandika walipeleka habari kutoka tawi moja mpaka jingine. Na la nne, ambalo ndilo kubwa, ni kumpokea mgeni.

Tuseme mtu amesafiri kutafuta kazi. Ameshuka katika stesheni ya mji asioujua. Hana baba pale, hana mjomba, hana mtani. Lakini ana chama. Anauliza: “Marini wako wapi hapa?” Anaonyeshwa nyumba. Anapewa mahali pa kulala na chakula. Akiugua, wenzake wanamtazama. Akifa, wanamzika, wala hazikwi kama mtu aliyeokotwa njiani. Haya ndiyo waliyoahidiana watu wa beni. Vyama vyao vilikuwa vya ngoma, lakini vilikuwa pia vya kusaidiana katika ugonjwa na msiba.

Serikali ya Waingereza iliyaona mambo hayo. Baada ya vita, baadhi ya wakubwa waliingiwa na wasiwasi. Walijiuliza: watu hawa wenye majenerali na barua za kutoka mji hata mji, hawapangi jambo? Serikali ikachunguza mnamo mwaka wa 1919 na baadaye, lakini beni haikukoma. Iliendelea kuchezwa miaka mingi. Kwetu sisi wasiwasi wao ni ushahidi. Watawala hawaogopi ngoma ya kijiji kimoja. Waliogopa kwa sababu vijiji vingi vilikuwa na jina moja.

UBAYA WAKE

Tusisifu upande mmoja tu. Historia iliyo ya kweli hutaja na kasoro.

Kasoro ya kwanza ilikuwa gharama. Marini na Arinoti walishindana. Kundi hili likichinja mbuzi, kundi lile litachinja ng'ombe. Hili likinunua sare nyeupe, lile litanunua sare na kofia. Watu walitumia mshahara, wakakopa, na nyumbani watoto wakakosa. Kushindwa ngoma ilikuwa aibu, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema: “Jamani, basi.” Ndiyo maana wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mwenye duka alipata faida kwa pande zote mbili.

Kasoro ya pili ilikuwa daraja. Mara nyingi Marini walikuwa watu wa mjini, makarani na wenyeji wa pwani waliojiona waungwana. Arinoti mara nyingi walikuwa watu wa bara na watu wa kazi za mikono. Basi mgawanyo huo haukuwa wa mahali. Watu wa mji mmoja, wanaochota maji katika kisima kimoja, waligawanywa kuwa wa juu na wa chini.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Tumeona migawanyo ya namna mbili katika beni. Kulikuwa na mgawanyo wa mahali, yaani Marini wa mji huu na Marini wa mji ule. Mgawanyo huo uliwafaa watu, maana kila mmoja alikuwa na chama karibu, na rafiki mbali. Na kulikuwa na mgawanyo wa daraja, yaani Marini na Arinoti katika mji mmoja. Huo ulileta furaha ya mashindano, lakini ulileta pia madeni na dharau. Kwa hiyo anayesema “tugawane” lazima aulizwe: tugawane kwa kitu gani?

HABARI KUTOKA ZAMBIA

Tuifuate beni mpaka Zambia, ilikochimbwa shaba. Huko iliitwa Mbeni. Wachimbaji wa miji mbalimbali ya shaba waliicheza, na habari zilikwenda kutoka mji mmoja mpaka mwingine kwa njia ya wachezaji. Mwezi wa Mei 1935 Serikali iliongeza kodi, na wafanya kazi wa Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma. Kule Luanshya watu sita waliuawa kwa risasi. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na miongoni mwa mambo iliyouliza ni habari za Mbeni. Mara nyingine tena watawala walitazama ngoma, wakaona nyuma yake watu wanaopashana habari.

Baadaye katika miji ile ile ikapata nguvu ngoma nyingine, iliyoitwa Kalela. Mtaalamu mmoja, J. Clyde Mitchell, aliitazama Luanshya na kuandika habari zake katika kitabu cha mwaka wa 1956. Wachezaji aliowaona walikuwa karibu wote watu wa kabila moja, Wabisa. Walivaa nguo safi za kisasa, na katika nyimbo zao walisifu kwao na kuwatania watu wa makabila mengine. Utani ule ulichekesha, na watu wa makabila yote walikuja kutazama. Lakini mtazamaji si mwanachama. Kundi likiundwa kwa kabila, mtu wa kabila jingine atapiga makofi pembeni, kisha atakwenda zake. Hana mlango wa kubisha usiku akiugua.

Huu ni mgawanyo wa tatu, mgawanyo wa kabila. Katika nchi yetu hii ya Wazigua, Wasambaa na Wabondei, na wageni wengi walioletwa na mkonge na kubaki hapa, mnajua wenyewe mgawanyo wa namna hiyo ungeacha wangapi nje.

BAADA YA BENI

Katika miaka ya 1930 nguvu ya beni katika miji mikubwa ilianza kupungua. Watu waliosoma waligeukia mambo mengine. Wengine waligeukia mpira, wengine dansi, wengine vyama vya kutetea haki.

Hapa Tanga, mwaka wa 1922, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa Serikali. Wanachama walisoma magazeti na kucheza mpira. Kilikuwa chama kizuri, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba. Mtu asiyekuwa mtumishi wa Serikali hakuwa na nafasi. Mwaka wa 1929 kikaundwa Chama cha Waafrika mjini Dar es Salaam, nacho kilifungua mlango kwa watu wengi zaidi, kikawa na matawi sehemu nyingi za nchi. Chama hicho ndicho kilichokuja kuzaa TANU, tarehe 7 Julai 1954.

Katika mpira tulipata mfano wa mgawanyo wa namna nyingine. Timu ya Young Africans ilianza Dar es Salaam mwaka wa 1935. Mwaka wa 1936 baadhi ya watu wake walijitenga, na kundi lao baadaye likaitwa Sunderland. Mwaka wa 1971 Sunderland ilibadili jina, ikawa Simba. Mgawanyo ule haukupangwa katika mkutano kwa ajili ya mwendo mrefu au nauli. Watu hawakupatana wakaachana. Matokeo yake mnayajua, maana hata hapa darasani pengine wapo wa Yanga na wapo wa Simba. Utani wao umetufurahisha miaka mingi. Lakini ni majirani wa mji mmoja walioachana, wala si ndugu waliogawana kazi.

Sasa tazameni jambo hili la mwaka wa 1955. TANU ilitaka kuwapata wanachama wanawake katika Dar es Salaam. Kazi hiyo aliishika Bibi Titi Mohamed. Yeye alikuwa mwimbaji katika kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Dar es Salaam ilikuwa na makundi mengi madogo ya ngoma ya wanawake, kila moja na viongozi wake na watu wake. Bibi Titi aliwaendea viongozi wa makundi hayo. Kila kiongozi akazungumza na watu wake, na katika miezi michache maelfu ya wanawake wakachukua kadi.

Ingekuwaje kama wanawake wale wangekuwa katika chama kimoja kikubwa chenye ofisi moja? Pengine ofisi ile ingeogopa, na jambo lingeishia mezani. Na ingekuwaje kama kila mmoja angekaa nyumbani peke yake bila kundi? Bibi Titi angegonga milango maelfu. Makundi madogo yalikuwa na watu wanaoaminiana, na makundi yenyewe yalijuana. Hapo ndipo nguvu ilipokuwa.

NA SISI WENYEWE

Ipo habari moja inayotuhusu sisi wanafunzi wa watu wazima. Mwaka wa 1973 palikuwa na kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walisikiliza masomo yake katika redio. Hawakukusanywa katika kiwanja kimoja. Walikaa katika vikundi vidogo vidogo, kila kikundi na kiongozi wake, katika kila pembe ya Tanzania. Somo lilikuwa moja. Baada ya somo, kila kikundi kilitazama kijiji chake na kuamua kazi yake, kama kuchimba choo au kusafisha kisima. Sauti ilikuwa moja, na mikono ilikuwa mingi.

Basi turudi kwa ndugu zetu wawili, yule wa Handeni na yule wa Korogwe. Tuwajibu nini?

Yule wa Handeni ana haki kusema kwamba chama kiwe karibu naye. Ngoma hujifunzwa jioni, na jioni haina kilometa 65. Fedha hutunzwa vizuri na watu wanaoonana kila siku. Kiongozi anayeishi mbali hajui kama mwaka huu mahindi yamekauka. Kwa hiyo kila mahali pawe na viongozi wake, sanduku lake na ngoma zake. Beni ilifanya hivyo, ikaenea kuliko chama chochote ambacho kingeongozwa na mtu mmoja kutoka pwani.

Yule wa Korogwe naye ana haki kuogopa utengano. Tawi dogo hupatwa na mwaka mbaya. Mvua ikikosa Handeni, nani atachanga? Na mtu wa Handeni akija Korogwe hospitali au kutafuta kazi, atabisha wapi? Kama vyama viwili vimeachana kabisa, atakuwa mgeni kati ya watu wanaocheza ngoma ile ile aliyoicheza yeye.

Kwa hiyo jibu la historia ni hili: Gawanyeni kazi, msigawanye udugu. Gawanyeni kwa mahali, msigawanye kwa daraja, wala kwa kabila, wala kwa hasira. Na siku mnapogawana, andikeni mambo yatakayobaki ya wote: jina, barua za kupashana habari, fungu dogo la kusaidia tawi lililopatwa na shida, na ahadi ya kumpokea mgeni.

Mwaka wa 2002 Wilaya ya Kilindi ilitengwa kutoka Wilaya ya Handeni, ili huduma za Serikali ziwafikie watu kwa karibu zaidi. Mtu wa Songe siku hizi haendi Handeni kwa shughuli za wilaya, lakini hajaacha kuoa Handeni, wala kuzika Handeni. Mpaka umewekwa kati ya ofisi, haukuwekwa kati ya watu. Vyama vyetu navyo viweze hivyo.

Mkitaka kujua kama mgawanyo wenu ni mzuri au mbaya, msihesabu kwanza fedha wala wanachama. Ulizeni swali moja tu: Mwenzetu wa upande wa pili akifika kwetu usiku, mgonjwa, hana nauli, nani atamfungulia mlango? Kama jina la mtu huyo mnalijua, gawaneni bila hofu. Kama hamlijui, msigawane bado. Kaeni kwanza mlitafute.

MANENO YA KUKUMBUKA

Tawi: sehemu ya chama iliyo mahali fulani.
Sare: nguo za namna moja zinazovaliwa na watu wa kundi moja.
Daraja: hali ya mtu kuwa juu au chini ya wengine.
Ada: fedha anayotoa mwanachama.
Tume: watu waliochaguliwa kuchunguza jambo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Beni ilienea kwa njia tatu. Zitajeni. Ni ipi iliyopita karibu na kijiji chenu?
2. Kuna tofauti gani kati ya mgawanyo wa mahali na mgawanyo wa daraja?
3. Kwa nini watawala waliogopa vyama vya ngoma?
4. Taja chama kimoja cha hapa kwenu, cha ngoma, mpira, kwaya au kusaidiana. Wanachama wake wa mbali hupata shida gani? Wafanyiwe nini?
5. Kila mmoja aandike barua fupi, mistari mitano au sita, kwa tawi la mji mwingine, kumtambulisha mwenzake anayesafiri kwenda huko.

Ndugu wanafunzi, barua hizo zisomeni kwa sauti mbele ya darasa. Asiyeweza kuandika mistari mitano aandike miwili. Watu wa beni waliunganisha nchi kubwa kwa barua kama hizo. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

(Ngoma inasikika tena.)